Kunde Alisimama

Mwezi uliopita, kwenye khitma ya Ami Seif huko Magomeni, walianza tena hadithi ya mbwa. Tulikuwa tumezunguka sinia moja, watu wazima watano tuliowahi kukaa pamoja Guangzhou enzi zile, na Mbarouk, ambaye siku hizi ana kitambi na meno ya bandia, akapiga goti lake na kusema, "Jamani, mnamkumbuka mbwa wa Sule?" Basi. Vicheko vilianza kabla hata hajasimulia. Alieleza jinsi yule mbwa alivyokuwa punguani, alivyoniaibisha mbele ya jaji wa maonesho ya mbwa kwa kumkimbilia kipepeo, na jinsi marehemu alivyosema siku ile kwamba mbwa ni mbwa tu, hata umvalishe dhahabu. Hakukuwa na kipepeo. Nimeisikia hadithi hii harusini, misibani na kwenye foleni za forodha kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano, na kila mara inatiwa chumvi mpya. Kipepeo ni nyongeza ya juzijuzi. Siku zote nilicheka nao. Safari hii niliacha tonge nusu, nikanawa, nikatafuta viatu vyangu kwenye lundo la viatu mlangoni na kuondoka bila kumuaga mjane, jambo ambalo najua ni utovu wa adabu. Nilikuwa na hasira. Hata sasa ninapoandika haijapoa, na sitaki ipoe kabla sijamaliza, maana ikipoa nitarudi kucheka nao.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala nani alinilea, hayo hayahusiki. Inatosha kujua kwamba mwaka 1998 nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa nikilala chumba cha watu wanne, ghorofa ya tisa, kwenye jengo lisilo na lifti. Sebule ilikuwa imejaa mizigo hadi darini, tukiacha njia ya kupita mtu mmoja kwa ubavu, na nafasi moja ya mraba katikati ambapo tulitandika mkeka kwa ajili ya kuswali na, swala ikiisha, kwa ajili ya kula. Mbarouk ndiye alikuwa mpishi. Bizari na iliki zilitoka kwao Unguja ndani ya soksi, mchele tulinunua palepale, na nazi ilikuwa ya unga, ya pakiti, ambayo kila mtu aliilalamikia na kila mtu aliimaliza. Mkubwa wetu alikuwa Ami Seif. Hakuwa ami yangu wa damu, bali vijana wote wa Kitanzania tulimwita hivyo, kwa sababu yeye ndiye aliyetutangulia kufika, alijua mawakala wote wa bandarini, na mkataba wa nyumba ulikuwa kwa jina lake. Alipokohoa, tulinyamaza. Alikuwa na kofia nyeupe ya viua iliyokaa sawasawa kichwani hata kwenye joto la Agosti, na sauti ya upole ambayo hakuwahi kuipandisha.

Kazi yangu ilikuwa vitambaa. Kila asubuhi nilivuka mto kwenda Zhongda, kwenye soko la vitambaa, ambako majora yamepangwa vichochoroni hadi unasahau kama kuna anga, nikakagua mzigo wa Ami Seif kabla haujafungwa. Nilifungua jora, nikapima upana kwa mkono, nikalowesha kitambaa cheupe na kusugua nione kama rangi inachuja. Muuzaji wetu mkuu alikuwa mama wa makamo tuliyemwita Bosi Liang. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye goti bovu lililomfanya ashuke ngazi kwa upande, na mkali wa kazi, ukimwomba rangi asiyonayo anakujibu "Meiyou!", hakuna, kwa namna ambayo huombi tena. Mimi na yeye tulizungumza kwa Kichina cha sokoni, Kiingereza cha vidole na maneno machache ya Kiswahili aliyookota kwa wateja. Humu nitayaandika mazungumzo yetu kama tulivyoelewana.

Chini ya meza yake ya kukatia alilala mbwa. Nilikuwa sijawahi kuona mbwa wa aina ile: ngozi imemzidi mwili kama kanzu ya kuazima, mikunjo kutoka paji la uso hadi mabegani, masikio madogo kama kisoda, na akifungua kinywa, ulimi wake ni wa buluu iliyokaribia weusi. Bosi Liang alijivunia ulimi ule kuliko duka. Mbwa hawa asili yao ni vijiji vya upande wa Foshan, akasema, kwao marehemu mumewe, na walibaki wachache. Ulimi ukiwa na doa la waridi, huyo si wa asili. Alimwita Doudou, jina la maharage. Mimi nikamwita Kunde. Alikuwa na miezi saba na hakuna kitu duniani kilichompita bila kumvuta. Ukikata kitambaa, anafuata sauti ya mkasi. Mkokoteni ukipita, anafuata gurudumu. Mtu akila mkate wa kukaanga vibanda vitatu mbele, Kunde yuko huko. Na kwa sababu ambayo sijaielewa hadi leo, nikifika mimi, anaacha vyote na kuja kunikalia miguuni.

Bosi Liang aliona. Siku moja mnamo mwezi wa nane alinikalisha kwenye jora la poplini na kunieleza shida yake. Nyumba aliyoishi ilikuwa ya kaka yake, na kaka yake hakumtaka mbwa ndani. Walikuwa wamekubaliana jambo moja. Mwezi wa kumi kulikuwa na maonesho ya mbwa wa asili. Kunde akipata utepe wowote, hata wa tatu, kaka mtu angenyamaza na mbwa abaki nyumbani. Asipopata, apelekwe Huangpu, bandarini, ambako huyo kaka ana godauni, afungwe mnyororo getini awe mlinzi. "Mimi siwezi kukimbia naye," akasema, akipiga goti lake. "Wewe unaweza. Tena wewe ni mweusi, watu wa picha watakuja wote upande wetu." Aliyasema hayo bila kupepesa macho. Nilikasirika kidogo, lakini angalau alinieleza usoni anachokitaka kwangu, na hilo ni zaidi ya nilichotendewa na watu wangu.

Maana nilimjibu kwamba lazima nimuulize mkubwa wangu. Jioni ile nilikuwa bafuni nikitia udhu, na ukuta wa bafu letu ulikuwa mbao tupu iliyopakwa chokaa. Upande wa pili, kwenye roshani, Ami Seif alikuwa akiongea na Mbarouk. Kumbe Bosi Liang alikuwa ameshampigia simu.

"Mwache Sule amtembeze mbwa wa yule mama," Ami Seif alisema kwa sauti yake ileile ya upole. "Akishafurahi, rangi mpya za Idi zitakuwa zetu kabla Wakenya hawajaziona."

"Na najisi je, Ami?"

"Najisi ni yake. Rangi ni zetu."

Wakacheka. Nilibaki pale na mguu mmoja mkavu na mmoja umelowa. Baada ya swala, sinia lilipowekwa, Ami Seif alitangaza kwamba nimepata kibali cha kumsaidia Bosi Liang, kwa kuwa kusaidia mjane ni jambo jema. Halafu, bila kubadilisha sauti, akasema kuanzia kesho nitakula pembeni. "Si adhabu, mwanangu, ni tahadhari. Sinia ni la watu wote." Mbarouk alininunulia sahani ya plastiki na kikombe chake, vikawekwa juu ya rafu ya viatu karibu na mlango. Kwa wiki saba nilikula pale, nikinusa soksi za watu, nikisikiliza vicheko kwenye mkeka hatua tatu kutoka nilipokaa.

Naomba nieleweke hapa, kwa sababu wanaosimulia hadithi hii hupenda kuonesha kwamba dini ndiyo iliyonitoa kwenye sinia. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilifundishwa wazi. Manyoya makavu kwa mkono mkavu, hakuna neno. Mate yakikugusa, unaosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, unaendelea na maisha yako. Njia ilikuwepo, na ni fupi. Kanuni ya kula pembeni siku zote, mate yamekugusa hayajakugusa, umeosha hujaosha, ilikuwa ya Ami Seif, na mimi niliifuata kwa sababu nilimwogopa yeye, na kwa sababu nilitaka sana siku moja kurudi kwenye lile sinia. Ninalisema hili kwa aibu. Nilikuwa mtu mzima nikilia moyoni kwa ajili ya nafasi kwenye mkeka.

Tulifanya mazoezi nyuma ya soko, kwenye uwanja mdogo walikokuwa wakipakia mikokoteni. Siku za mwanzo zilikuwa kichekesho kweli, na kama Mbarouk angesimulia hizo tu nisingemlaumu. Nilitakiwa kumfundisha Kunde mambo matatu: kutembea kando yangu, kukimbia duara, na kusimama kimya, miguu minne imenyooka, hadi jaji amalize. Hilo la tatu lilinitoa jasho. Uzi ukipeperuka, kaenda. Mtu akipiga chafya ghorofani, kaenda. Siku moja alisimama vizuri, nikaanza kuhesabu moyoni, nikafika tisa, mara mwanamke mmoja akafungua mwavuli, na Kunde akaniburuta hadi ndani ya banda la vifungo. Vifungo vilimwagika vya rangi zote. Mwenye banda alinitukana kwa Kikantoni nusu saa nzima, na huku anatukana, Kunde anaviramba.

Aliyenisaidia alikuwa Papa Ghislain, Mkongo wa Lubumbashi aliyekaa ghorofa ya saba kwenye jengo letu, Mkatoliki, mtu wa suti hata sokoni. Alikuwa akinunua vitambaa banda la jirani, na siku hiyo ya vifungo alisimama akatutazama huku amekunja mikono.

"Petit," akaniita, yaani mdogo wangu, "ile imbwa haina kichaa. Iko mutoto tu. Weye uko na piga makelele, na makelele iko fasi yote. Baba yangu alikuwa na fuga imbwa za kuwinda. Mupe kitu moya. Moya tu! Attention yake yote itakuja pale."

Nilichana kipande cha khanga nyekundu niliyokuwa nayo, nikakipiga fundo na kukining'iniza kiunoni. Nikisema "Simama," naweka kiganja juu ya fundo. Kunde akilitazama bila kusogea, anapata kipande cha ini. Nikisema "Haya," yuko huru. Wiki ya kwanza alisimama kwa pumzi tatu. Wiki ya nne mikokoteni ilikuwa ikipita pande zote mbili, na yeye macho yako kwenye lile fundo, ngozi ya mgongo tu inamcheza. Wiki ya sita niliweza kuondoka, nikaenda hadi kona, nikarudi, na nikamkuta palepale. Bosi Liang alitoka dukani kwa ubavu wake akapiga makofi. Papa Ghislain alivua kofia. Sijui kama nimewahi kufundisha kitu kingine kikatokea sawasawa hivyo, na nina watoto wanne.

"Sasa kinywa," Papa Ghislain alisema siku ile. "Jury atataka aone meno na ile langue ya buluu. Weye ndiye utafungua. Na mukono yako."

"Nina glavu," nikamjibu.

Nilikuwa nazo kweli. Ami Seif alikuwa amenituma Shiling, mji wa mikoba, kumtazamia mikoba ya duka la mkewe, na huko nilinunua glavu za ngozi ya mbuzi, nyembamba, zilizonibana vizuri. Nilijiona mjanja. Mate yatagusa ngozi ya mbuzi, mimi sitaguswa, Ami Seif hatakuwa na la kusema na Bosi Liang hatajua. Siku zote za mazoezi ya kinywa nilizivaa, na Kunde alizivumilia. Bosi Liang alizitazama akacheka: "Unamwogopa?" Kumweleza mambo ya mara saba na udongo kwa lugha ya vidole kulinishinda, nikasema ndiyo, namwogopa. Mbwa aliyenilalia miguuni kila siku! Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza juu yake, na nilidhani ni mdogo.

Maonesho yalifanyika kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa shule moja ya ufundi, asubuhi ya manyunyu. Bosi Liang alivyotabiri ndivyo ilivyokuwa: wapiga picha waliwaacha mbwa wote wakaja kwetu. Walinitaka nitabasamu, nichuchumae, nimkumbatie mbwa. Niliwajibu "Bu xing," haiwezekani, mpaka wakaona nina kiburi. Bosi Liang aliketi kwenye kigoda cha plastiki kando ya uwanja, na wapiga picha wakamziba asione kitu isipokuwa migongo yao. Na upande wa pili wa kamba iliyozungushiwa uwanja, mbele kabisa, walisimama Ami Seif na Mbarouk na wengine wawili wa chumbani. Ami Seif alikuwa amekuja ili Bosi Liang amwone amekuja. Kofia yake ilikuwa nyeupe pepepe katika yale manyunyu.

Tulikuwa mbwa sita duarani. Mwanamume mmoja alikuwa akiuza bisi nje ya kamba, na mashine yake ikitoa mlio kila dakika. Mbwa wa pili alibweka bila kukoma. Miavuli ilifunguliwa na kufungwa kila mahali. Tulitembea, Kunde akatembea. Tulikimbia, Kunde akakimbia, mikunjo yote ikiruka, watu wakacheka kwa kupendezwa. Kisha jaji, mzee mwembamba wa Hong Kong aliyevaa tai, akatuashiria tusimame mmoja mmoja. Nilisema "Simama" na kuweka kiganja juu ya fundo.

Kunde alisimama.

Nataka hilo lisomwe polepole na kila aliyewahi kucheka. Bisi zilipasuka, hakugeuka. Mbwa wa pili alichomoka mkononi mwa bwana wake akapita kwa kasi mbele ya pua yake, hakugeuka. Mvua ikamdondokea machoni akafumba, akafumbua, na macho yakarudi pale pale kiunoni kwangu. Jaji alimzunguka mara mbili, akapapasa mgongo, akainua mkia, akaandika kitu na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akanyoosha kidole kinywani mwa mbwa na kunitazama mimi.

Nilitoa glavu mfukoni. Msaidizi wa jaji, kijana mwenye beji, akanishika mkono. Hapana, glavu haziruhusiwi, mtu anaweza kuficha kitu ndani. Nikamwonesha kwamba ni tupu. Hapana. Akazichukua. Jaji akarudia ishara yake. Niliinama, nikapeleka vidole vyangu vitupu hadi karibu na mdomo wa Kunde, karibu kabisa, nikasikia joto la pumzi yake kwenye kucha. Uzi wa mate ulikuwa ukining'inia kwenye mkunjo wa mdomo. Nikainua macho. Ng'ambo ya kamba, Ami Seif alikuwa ameinua kidole kimoja, cha shahada, na alikuwa akikitikisa taratibu, kulia, kushoto. Nilirudisha mkono. Nikajifuta kwenye suruali, ingawa hakuna kilichonigusa. Jaji akaashiria mara ya tatu, akaangalia saa, na akapiga mstari kwenye karatasi yake. Bila kuuona ulimi hakuwa na la kuamua. Akaenda kwa mbwa aliyefuata, na Kunde alikuwa bado amesimama, maana sikuwa nimemwambia haya. Ilibidi nimvute.

Bosi Liang alikuja akichechemea, akisukuma watu. Alikuwa ameona utepe ukigawiwa kwa wengine, basi. Kabla hajafungua kinywa, Ami Seif alishafika kando yangu. Alimtazama yule mama kwa huruma, akamnyooshea Kunde kidole, kisha akazungusha kidole hichohicho pembeni mwa kichwa chake. "Punguani," akasema kwa Kiswahili. "Hatulii." Bosi Liang hakumjali. Alinitazama mimi.

"Doudou alihangaika tena?"

Nilikuwa na nafasi. Hata sasa naihesabu ile nafasi: ilitosha kumeza mate mara mbili. Ningeweza kusema hapana, ni mimi. Ningeweza kumrudisha kwa jaji, tukamsihi, mzee yule alikuwa bado uwanjani anakunywa chai.

"Dui," nikasema. Ndiyo.

Hakulia. Aliinama kwa shida ya goti lake, akamfuta mbwa maji usoni kwa ncha ya koti, akamwambia maneno ya Kikantoni ambayo sikuyaelewa. Kesho yake Kunde alipakiwa kwenye gari la kaka mtu pamoja na majora ya kitambaa cha magunia. Rangi za Idi Ami Seif alizipata zote, kwa kuwa Bosi Liang alikuwa mtu wa kutimiza ahadi.

Na jioni ile ile ya maonesho, sinia lilipowekwa, Ami Seif aliichukua sahani yangu kwenye rafu ya viatu na kuitupa kwenye pipa la taka mbele ya wote. "Njoo, mwanangu," akasema. "Leo umejistahi." Walisogea wakanipa nafasi. Mbarouk alisukuma nyama upande wangu kwa kidole, kipande baada ya kipande, kama wafanyavyo kwa mgeni wa heshima, na hapo ndipo alipoianza kwa mara ya kwanza hadithi ya mbwa punguani. Nilikula. Lazima niseme kwamba nilikula na nilishiba, na nilicheka.

Nikimkasirikia Ami Seif, na namkasirikia, amekufa na bado namkasirikia, ni kwa sababu alitaka mbwa ashikwe bila mtu wake kushika mbwa, na gharama ya kitendawili hicho akaitwisha viumbe wawili wasioweza kumjibu. Mmoja kati ya hao wawili, hata hivyo, alikuwa na ulimi wa kusemea. Hasira ninayomwekea mwenye ulimi huo ni kubwa zaidi, na ndiyo maana nilishindwa kukaa kwenye khitma. Wote pale walikuwa wakimcheka Kunde kwa ushahidi wangu mimi.

Mwezi uliofuata yale maonesho nilitumwa Huangpu kusimamia upakiaji wa kontena letu. Wakala alikuwa na karatasi zake, mimi nikahesabu marobota hadi mlango ukafungwa na kupigwa lakiri, na kazi ikawa imeisha kabla ya adhuhuri. Godauni la kaka yake Bosi Liang nililipata kwa kuuliza. Kunde alikuwa getini, mnyororo umefungwa kwenye chuma cha nguzo, shingo imechubuka pale mikunjo inapokutana na pete. Malori yalikuwa yakipita hatua chache kutoka kwake, forklifti zikipiga honi, kunguru wakigombea takataka. Aliponiona hakubweka. Alijaribu kuja kunikalia miguuni, mnyororo ukamrudisha.

Sikuwa na khanga. Niliweka kiganja kiunoni, mahali ambapo fundo lilikuwepo, nikasema, "Simama." Akasimama. Miguu minne, imenyooka, kwenye tope, katikati ya makelele yale yote. Nilichuchumaa, nikapitisha kidole gumba kwenye mkunjo wa mdomo wake, nikafungua. Alinitazama tu. Meno yalikuwa meupe, yamepangika yote, na ulimi ulikuwa wa buluu tangu ncha hadi kooni, bila doa. Mate yake yalinitiririka hadi kwenye kiwiko.

Palikuwa na bomba ukutani, hatua kumi kutoka pale, na chini yake udongo mwekundu ulioletwa na mvua. Nilichota udongo, nikajisugua hadi kwenye kiwiko, nikasuuza. Kisha mara ya pili, ya tatu, ya nne, kwa utulivu, kama nilivyofundishwa chuoni, hadi ya saba. Nilijifuta kwa shati na kuangalia saa yangu. Dakika nne. Nilipogeuka, Kunde alikuwa bado amesimama vilevile, macho kwangu, akingoja nimwambie haya.